MASOMO YA USEREMALA: Vyombo vya Kuungia Mbao kwa Vijiti

Kuunga mbao kwa vijiti ni kutoboa tundu katika kila ubao, kisha kutia kijiti cha mviringo chenye gundi, nusu yake huku na nusu yake kule. Kiungo hiki hakionekani kwa nje, wala hakishiki kutu kama msumari. Kikifanywa vema, kiti hudumu miaka mingi. Kikifanywa ovyo, miguu hulegea upesi, na mnunuzi harudi tena kwa fundi yule. Basi vyombo vyake ni hivi:

1. Vya kupimia. Futi, kipimo cha pembe mraba, mahati, na kalamu ya risasi iliyochongwa vizuri. Mahati yaegemezwe daima upande ulio laini wa kila ubao, ili alama zilingane. Njia nyingine ni kupigilia misumari midogo katika ubao mmoja, kuikata vichwa, na kuubana ubao wa pili juu yake. Ncha zitaacha alama mahali pa matundu. Kisha misumari hiyo ing'olewe.

2. Vya kutobolea. Keke na kekee zake. Ubao wa unene wa inchi 1 wafaa kijiti cha unene wa inchi 3/8. Kijiti cha urefu wa inchi 2 chataka tundu la inchi 1 na zaidi kidogo kila upande. Funga kitambaa katika kekee kuonyesha kina. Mwenzako asimame kando akuambie kama keke imeinama, kwa maana tundu lililopinda haliungiki.

3. Vya kufanyia vijiti. Chagua mti mgumu, mkavu, wenye nyuzi zilizonyoka. Kijiti kibichi hukauka, kikasinyaa na kulegea. Chonga kwa patasi, kisha kipitishe kwa nyundo katika tundu la bamba la chuma lenye kipimo kile kile. Chonga ncha zake kidogo, na ukikwaruze mfuo mmoja kwa msumeno toka ncha hata ncha. Mfuo huo hutoa hewa na gundi iliyozidi. Usipokuwapo, huenda ubao ukapasuka au kiungo kikakataa kufunga.

4. Vya kufungia. Gundi, nyundo ya mti na jiliwa. Asiye na jiliwa azungushe kamba imara, aisokote kwa kipande cha mti mpaka ikaze. Pima kwa uzi toka pembe hata pembe. Nyuzi mbili zikilingana, kazi imekaa mraba. Iache mpaka kesho yake.

Mwenye fedha kidogo aanze na kipimo cha pembe mraba, mahati na keke njema. Bamba, jiliwa na vinginevyo vitafuata. Na kabla ya kugusa mbao za mtu, ajizoeze kwanza kwa vipande vilivyobaki.