Sanduku la Mwalimu na Mama wa Njugu

Mshauri,

Mimi ni nyar Homa Bay, yaani binti wa huko, nimeolewa hapa Migori zaidi ya miaka thelathini. Mume wangu ni mwalimu mstaafu, mtu mpole, hanywi wala hana makuu. Uraibu wake ni mmoja tu: katuni za zamani. Ana masanduku mawili ya bati chini ya kitanda cha wageni, yamejaa Spear alizoachiwa na marehemu babake, magazeti ya Joe, vitabu vya Pichadithi, Sani za Tanzania alizokuwa akivuka mpaka wa Sirare kununua enzi za ujana, na vikorokoro vya Gor Mahia: skafu, beji, tiketi za mechi. Uraibu huu umewahi kutukosanisha. Mwaka ambao mtoto wetu wa pili aliingia kidato cha kwanza tulikuwa na deni la karo, naye Mwalimu akarudi kutoka Nairobi na furushi la magazeti ya inama, yale kuukuu yanayouzwa kando ya barabara.

Mwezi uliopita tulikuwa tunapaka nyumba rangi. Sanduku moja lilikuwa limeshika kutu, karatasi zinanuka uvundo, panya wameanza kutafuna. Mwalimu alikuwa ameenda mazishini Ndhiwa. Nikamuuzia mama wa njugu pale stendi karatasi zote za sanduku hilo kwa shilingi 350, nikajiona nimesafisha nyumba. Aliporudi alifungua sanduku, akalifunga, akaenda kukaa nje. Hakupiga kelele. Tangu siku hiyo ananisemesha habari za chakula na ng'ombe tu.

Mpwa wangu anasema katuni kuukuu zinauzwa mamilioni Marekani. Sasa silali. Je, nimetupa mali ya watoto? Mwezi ujao Mwalimu anatimiza miaka 65, na binti yetu anataka tumwagizie katuni za Superman kutoka ng'ambo, tumwombe msamaha nazo. Tuagize? Na akiniuliza niliuza kwa pesa ngapi, nimwambie?

Mwenye Majuto, Migori

Nyar Homa Bay, tuanze na usingizi wako. Hukutupa mali ya watoto.

Mpwa wako hakudanganya, ila anazungumzia vitabu vichache sana. Mwaka 2024 nakala moja ya Action Comics namba 1, kitabu kilichomtoa Superman kwa mara ya kwanza mwaka 1938, ilinunuliwa mnadani kwa dola milioni 6. Kilipotoka kiliuzwa senti 10. Bei ilipanda hivyo kwa sababu nakala zake karibu zote ziliangamia: watoto walizisoma zikachanika, wakati wa Vita vya Pili vya Dunia karatasi kuukuu zilikusanywa kwenda kusagwa upya, na zilizobaki akina mama walizitupa walipokuwa wakisafisha nyumba. Yaani akina mama kama wewe ndio waliozifanya ghali.

Wamarekani walipogundua hilo wakaanza kununua katuni kama akiba ya benki. Novemba 1992 likatoka toleo la kifo cha Superman, limefungwa ndani ya mfuko mweusi wa plastiki. Watu walipiga foleni, wengine wakabeba nakala kadhaa na kuzificha bila hata kuufungua mfuko. Mamilioni ya nakala zikatunzwa vizuri, na kwa vile kila mtu anayo, hakuna anayeitafuta. Soko likaporomoka, na kufikia mwisho wa 1996 kampuni ya Marvel yenyewe ilikuwa imekimbilia mahakama ya muflisi. Spear na Joe zina watu wanaozitafuta, wengi wao watafiti, maktaba za ng'ambo na wazee wa aina ya Mwalimu, lakini hakuna duka Migori wala Kisumu ambako ungezipeleka ukarudi na pesa ya kununua ploti.

Basi pesa tuiweke kando. Hata Mwalimu mwenyewe hajakuuliza bei, na hilo ndilo linalonifanya niamini kuwa kilichomuuma ni kitu kingine.

Sidhani umewahi kukaa ukafungua Spear hata moja. Ilijulikana pia kama African Film, ikitolewa na kampuni ya Drum miaka ya 1960 hadi mwanzoni mwa miaka ya 1970, na haikuchorwa. Kila kisanduku kilikuwa picha ya kamera, na maneno yamewekwa ndani ya kiputo mdomoni mwa mwigizaji. Lance Spearman alikuwa mpelelezi Mwafrika, kofia kichwani, tai ya kipepeo shingoni, sigara nene mdomoni, anaendesha gari la maana na kuwatandika majambazi wenye maringo. Mfikirie kijana wa South Nyanza mwaka 1969, ambaye kwenye sinema amezoea kumwona Mwafrika akiwa mpagazi wa Mzungu, halafu anakutana na huyu. Nakala moja ilizunguka bweni zima. Wenye nazo waliandika jina kwa wino juu ya jalada ili irudi. Kama zile za baba mkwe wako zilikuwa na jina lake, mwandiko ule wa kalamu ya wino wa wanafunzi wa misheni, basi pale stendi hukuuza Spear. Uliuza mwandiko wa mzee, na pengine ndio pekee aliokuwa nao mwanawe mbali na barua mbili tatu.

Zile nyingine ni ujana wake mwenyewe. Joe ilianzishwa mwaka 1973 na Hilary Ng'weno pamoja na Terry Hirst, ikazimika 1979. Joe alikuwa mwananchi wa kawaida wa Nairobi, mshahara mdogo, midomo mingi, na jarida lilimfanya azicheke shida zake badala ya kuzilalamikia. Hirst, Mwingereza aliyekuja Kenya kufundisha sanaa, ndiye baadaye aliyebuni Pichadithi miaka ya 1980, ngano zetu katika katuni, shujaa wa Waluo Luanda Magere akiwamo. Mwalimu alianza kushika chaki miaka hiyo hiyo. Sitashangaa kama alizitumia darasani, maana mtoto asiyependa kusoma utamshika kwa picha kabla ya kumshika kwa sarufi. Na kama Luanda Magere alikuwa kwenye sanduku lililouzwa, jiandae: iko siku atakuita kwa jina la yule bibi wa Kilang'o aliyefichua siri ya kivuli cha shujaa huyo. Siku hiyo ujue mmepatana.

Hukusema kama vitu vya Gor vilikuwa sanduku lipi. Omba Mungu viwe kwenye lile lililobaki. Desemba 1987 Gor Mahia walitoka 1-1 na Espérance pale Kasarani baada ya sare ya 2-2 kule Tunis, wakachukua Kombe la Washindi la Afrika kwa bao la ugenini, na hakuna klabu nyingine ya Kenya iliyowahi kutwaa kombe la bara. Timu yenyewe ilipewa jina la mganga wa Kanyamwa, upande wenu huko huko Ndhiwa. Tiketi ya mechi ile ni kikaratasi kisichotosha hata kufungia njugu za shilingi kumi. Ichukue umwonyeshe mwanamume yeyote wa umri wa Mwalimu pale stendi, kisha usikilize.

Sasa niseme upande wako, maana barua yako imejaa majuto kuliko kosa lenyewe. Mtu aliyekaa na mke zaidi ya miaka thelathini bila kumweleza kilichomo kwenye sanduku chini ya kitanda naye ana lawama yake. Alijua lina kutu. Alijua panya wameingia. Mkusanyaji anayeacha karatasi zake zikaoza ni mtu wa kuweka tu, hajawa mkusanyaji. Na lile furushi la inama lililoletwa nyumbani kabla ya deni la karo kwisha, mimi ningelikasirikia hata leo. Uraibu una mfuko wake, na mfuko huo hauingii kwenye karo, dawa wala mbolea. Kubalianeni kiasi, hata kama ni shilingi mia tano kwa mwezi kutoka kwenye pensheni. Ndani ya kiasi hicho usimuulize kitu. Nje yake akuulize kwanza.

Lakini hilo ni la baadaye. La kwanza ni kurudi stendi, na uende kwa miguu yako, usitume mtoto. Karatasi nzito ya jalada haikunjiki vizuri kuwa pakiti, na wauzaji wengi huanza na kurasa nyepesi za ndani. Huenda majalada bado yako chini ya meza yake, na majina ya wino yako kwenye majalada. Nunua chochote kilichobaki, kilichochanika na chenye mafuta pia, hata akikuuzia mara tatu ya alichokulipa. Usijaribu kuvifuta wala kuvigundisha kwa selotepu, maana selotepu hugeuka kahawia baada ya miaka michache na kula karatasi. Na tafadhali usivipeleke kwenye duka la fotokopi vikapigwe lamineshoni kama vyeti vya shule. Gundi ile haitoki tena.

Superman achana naye. Si kwamba ni mbaya, ila Mwalimu hana historia naye. Zawadi ya mkusanyaji hainunuliwi kwa kukisia, kwa sababu anachokitafuta kina namba. Anayo Joe ya Januari, hana ya Februari, na ukimletea nyingine ya Januari atakushukuru kwa adabu kisha ataiweka chini ya rundo. Wengi wao wana daftari mahali fulani lenye orodha. Kama Mwalimu hana, hapo ndipo binti yenu ana kazi: akae naye jioni moja, kalamu mkononi, amwombe ataje kila kilichokuwamo kwenye sanduku lile. Kilitoka wapi, nani alimpa, alikuwa kidato cha ngapi. Mzee atakataa mwanzoni. Akianza hatanyamaza, na nyinyi mtakuwa na orodha ya kutafutia.

Kutafuta kwenyewe si ghali ukiwa na subira. Waulizeni walimu wastaafu aliosoma nao, kwani masanduku ya bati yako mengi katika kaunti za Migori na Homa Bay, na wake wenye mpango wa kupaka rangi nyumba ni wengi pia. Mtu akipita Nairobi au Kisumu, apige jicho kwa wauza vitabu wa inama. Sani mtaziulizia ng'ambo ya Sirare. Kabla ya kulipa, hesabu kurasa za katikati, maana ndizo hutoka kwanza, na utazame kama kutu ya pini imeingia hadi kwenye karatasi. Hata mkipata moja tu kabla ya siku yake, inatosha.

Pamoja nayo, mpeni mahali pa kuweka zilizobaki. Mimi ningeitanguliza zawadi hii mbele ya kitabu chochote. Karatasi ya magazeti ya bei nafuu ina asidi ndani yake, inajiunguza yenyewe pole pole ikawa ya manjano na kuvunjika, na joto na unyevu wa upande wetu wa ziwa huiongezea kasi. Sanduku la bati linazuia mchwa na panya likiwa zima, lakini usiku wa baridi hutoa jasho ndani. Liinueni juu ya matofali mbali na ukuta, tandikeni katoni ndani, mlifungue siku za jua kali hewa ipite, bila kuanika karatasi zenyewe juani. Kila nakala iingie kwenye folda ya plastiki angavu na kipande cha katoni ngumu mgongoni isijikunje. Kwenye duka la vifaa vya ofisi, inuse folda kwanza. Ile inayonuka kama koti la mvua jipya iache, plastiki ya aina hiyo hunata kwenye wino. Tafuta ile ngumu kidogo, isiyo na harufu, ya polipropilini.

Na kama mna nauli, mmchukue Mwalimu siku yake ya kuzaliwa mvuke Mbita hadi Rusinga, kwenye kaburi la mwanasiasa Tom Mboya. Jengo lina umbo la risasi, na ndani kumewekwa picha zake, zawadi alizopewa, na mkoba aliokuwa nao siku alipopigwa risasi, tarehe 5 Julai 1969. Ni mkoba wa kawaida, ambao kwa fundi wa viatu usingepata bei. Familia moja iliamua usitupwe. Nadhani mtakuwa na mengi ya kuzungumza mkirudi ambayo hayahusu chakula wala ng'ombe.

Wajukuu nao wana zamu yao. Kuanzia 2010 katuni ya Shujaaz ilikuwa ikitolewa bure, ndani ya gazeti la Daily Nation na kwenye vibanda vya M-Pesa, mhusika wake Boyie akiongea Sheng yake. Kwa kuwa ilikuwa ya bure, ndiyo iliyotupwa haraka kuliko zote. Ukikuta rundo lake kwa shangazi fulani, mpe mjukuu mmoja aanzishe nalo sanduku lake, Mwalimu amfundishe kulitunza. Babu aliyepewa mwanafunzi hakasiriki kwa muda mrefu.

Umeuliza kama umwambie bei. Mwambie shilingi 350, umwambie kabla hajauliza, tena umwambie ukiwa umeshika ulichookoa. Migori ni ndogo, na mama wa njugu ana mdomo.