Nimekua, ila gemu za kuruka mashimo bado zinanivuta

Shikamoo Anti. Nina miaka 38, mke na watoto wawili. Utotoni tulicheza Mario, Contra na Adventure Island kwenye ile mashine ya kuchomeka kwenye TV, yenye kaseti za njano. Mwaka huu nimenunua PlayStation 4 ya mtumba. Gemu za mpira na za vita wanazozisifia wenzangu zinanichosha ndani ya nusu saa. Mario ya zamani niliipakua kwenye simu, nayo haikunikolea. Mke wangu anasema nimerudi utotoni. Je, ladha ile imekwisha, au sijui pa kuitafuta?
Baba Wawili, Tanga

Marahaba mwanangu. Ladha ipo. Kwanza tuiweke kando hiyo Mario ya simu. Mario wa 1985 raha yake ilikuwa kwenye kidole gumba: ukikandamiza kitufe anaruka juu, ukikiachia mapema anatua karibu. Kioo cha simu hakina kitufe cha kukandamiza, sasa ingekukoleaje? Mpira na vita navyo waachie wenyewe. Wewe ni mtu wa kuruka mashimo.

Anza na Shovel Knight, ya mwaka 2014. Imechorwa kwa vile vidoti vya zamani, na shujaa wake anapigana kwa koleo la kuchimbia. Akiligeuza chini hewani, anadundia vichwa vya maadui. Ukifa huhesabiwi maisha. Unapoteza sehemu ya pesa zako, na mifuko yake inabaki ikielea palepale ulipofia. Utarudi kuifuata kwa tamaa, ufe tena.

Kama ulichopenda kwenye Contra ni ule ugumu, tafuta Celeste ya 2018, msichana anapanda mlima. Utakufa mara mia, lakini unaanza upya papo hapo, bila kurudishwa mwanzo. Tena ina huruma ya siri: ukichelewa kidogo tu kubonyeza, mguu umeshapita ukingo, bado inakuruhusu kuruka. Contra haikumjua mtu, ndiyo maana tulikariri mpangilio wa vitufe, juu-juu-chini-chini, ili tupewe maisha 30. (Ndiyo, Anti naye alishika pedi.)

Adventure Island ina ukoo wake. Ilitengenezwa mwaka 1986 kutokana na gemu iitwayo Wonder Boy, na mmoja wa ndugu wa Wonder Boy, The Dragon's Trap, alichorwa upya na Wafaransa mwaka 2017. Humo hukimbilii matunda kama kwenye Adventure Island. Unazunguka nchi nzima ukigeuzwa mjusi, panya, hata simba, na kila umbo linakufungulia njia yake. Tena kuna kitufe kimoja, ukikibonyeza katikati ya mchezo, picha zote zinarudi kuwa za miaka ya themanini. Bonyeza, angalia, kisha rudi kwenye picha mpya. Utaona jinsi kumbukumbu ilivyokuwa ikikupambia mambo.

Sasa mkeo. Utotoni hukucheza peke yako, mlikuwa mnagombania pedi na kuhesabiana zamu. Ukijifungia sebuleni na gemu ya mtu mmoja, huyo mama ana haki ya kununa. Nunua pedi ya pili na Rayman Legends, inayochukua wachezaji hadi wanne. Anayekufa anageuka puto linaloelea, na mwenzake akimzaba kibao anafufuka. Mpe mkeo nafasi ya kukuzaba, uone kama atasema tena wewe mtoto.

Kuna moja ningependa uicheze, Tales of Kenzera: Zau ya 2024, ya Abubakar Salim, mwigizaji wa Uingereza mwenye asili ya Kenya, aliyeitunga kutokana na msiba wa baba yake. Wahusika unaweza kuwasikiliza kwa Kiswahili. Tatizo ni kwamba haichezi kwenye PlayStation 4, inataka 5. Hilo la mashine nyingine mkalizungumze nyumbani, Anti hayumo.