Mlango Mfupi wa Betlehemu

Katika mji wa Betlehemu, nchi ya Palestina, kuna kanisa la zamani sana. Lilianza kujengwa wakati wa Kaizari Konstantino, karibu miaka 1,700 iliyopita. Chini ya altare yake kubwa mna pango, na sakafuni mwa pango hilo kuna nyota ya fedha yenye ncha 14. Tangu kale wakristu huenda kusali hapo, kwa kuwa wazee wao waliwafundisha kwamba ndipo Yezu alipozaliwa.

Je, mlango wa kanisa hilo ni wa namna gani? Mgeni hudhani ataona mlango mkubwa. Sivyo. Urefu wake ni karibu meta 1 na sentimeta 20 tu. Hapo zamani ulikuwa mrefu na mpana, na alama zake zaonekana ukutani hata leo. Baadaye ulizibwa kwa mawe, ikaachwa nafasi ndogo. Husemwa kwamba ilikuwa kuwazuia watu wasiingie na farasi zao. Basi tajiri na maskini, askofu na mchunga mbuzi, wote huinama ili waingie. Mtoto mdogo peke yake hupita wima. Kwa hiyo watu huuita Mlango wa Unyenyekevu.

Noeli nayo ina mlango mfupi. Mlango huo ni toba. Ndiyo sababu Kanisa limeweka siku za Majilio, zenye dominika nne, na padri huvaa mavazi ya rangi ya zambarau, rangi ya kutubu. Siku hizo husomwa habari za Yoane Mbatizaji. Watu walipomwuliza wafanye nini, hakuwaagiza mambo makubwa. Aliwataka wenye nguo wawagawie wasio nazo, watoza kodi wasizidishe, na askari wasiwaonee watu. Kila mmoja alionyeshwa kosa lake mwenyewe, si kosa la jirani.

Huu hapa mfano. Mtoto mmoja amevunja mpini wa jembe la shule. Ameogopa, akauficha majanini. Ukaonekana, na mwenzake asiye na kosa akaadhibiwa: analima peke yake juma zima. Mwenye kosa ananyamaza. Kila jioni anajifunza nyimbo za Noeli, na sauti yake yapita zote kwa uzuri. Lakini akiona malengelenge mikononi mwa mwenzake, hugeuza macho.

Mtoto huyo afanye nini? Kwanza auchunguze moyo wake na kulitaja kosa kwa jina lake. Mpini ni mti tu, hutengenezwa. Kosa kubwa ni kumwacha mwenzake achukue mzigo usio wake. Pili ajute kwa sababu amemchukiza Mungu, wala si kwa kuogopa fimbo. Tatu akusudie kutorudia, kisha aungame.

Lakini padri hawezi kumwambia mwalimu neno hata moja la maungamo. Basi nani atamtoa mwenzake katika aibu? Ni mwenye kosa mwenyewe. Imempasa kwenda kwa mwalimu na kusema kweli, halafu kumwomba mwenzake msamaha mbele ya wale waliomcheka.

Hapo kiburi humnong'oneza: «Nyamaza. Siku zitapita, watasahau.» Hapo ndipo penye mlango mfupi. Asiyetaka kuinama hugonga kichwa akabaki nje, hata akiwa na nguo mpya na sauti nzuri. Anayeinama huingia.

Wala hainami peke yake. Mwana wa Mungu aliinama wa kwanza. Alikubali kulazwa katika hori la kulishia wanyama, na waliopata habari mbele ya wengine ni wachungaji waliokesha usiku na makundi yao. Yeye aliyejishusha hivyo hamcheki mtoto anayetubu. Anamngoja.

Maulizo

1. Mlango wa kanisa la Betlehemu una urefu gani? Kwa nini huitwa Mlango wa Unyenyekevu?
2. Yoane Mbatizaji aliwaagiza nini askari?
3. Kosa kubwa la mtoto wa mfano ni lipi?
4. Kwa nini haitoshi aungame kwa padri tu?
5. Mkristu amemkosea nani, naye bado hajamwomba msamaha? Kila mmoja ajibu moyoni mwake.