Mguu wa bandia: mzee ataweza?



Tukizunguka majumbani Mji wa Kale na Makadara, huwa tunakuta mguu wa bandia umesukumwa chini ya kitanda. Jamaa wamechanga pesa, mguu umetengenezwa, na mzee hautumii. Nyumba nyingine, mzee aliambiwa umri umekwenda, akakaa kitako, kumbe angeweza kutembea. Hasara zote mbili zinaepukika tukijua la kuangalia mapema.

Wazee wengi hukatwa mguu kwa sababu ya kisukari au mishipa ya damu kuziba. Umri una uzito wake, lakini peke yake hauamui. Jiulizeni haya:

1. Kabla ya kuugua alitembeaje? Aliyekuwa akienda sokoni mwenyewe ana matumaini zaidi kuliko aliyekuwa hatoki ndani.

2. Amekatwa wapi? Goti likibaki, kazi ni nyepesi. Akikatwa juu ya goti, kutembea kunakula nguvu nyingi, na moyo na mapafu lazima viwe imara.

3. Anaweza kusimama kwa mguu uliobaki? Utafiti wa Uholanzi uliochapishwa mwaka 2003, juu ya wagonjwa wa miaka 60 na zaidi, ulionyesha kwamba kusimama kwa mguu mmoja wiki mbili baada ya kukatwa, pamoja na kumbukumbu nzuri, kulisaidia kubashiri hali yao mwaka mmoja baadaye. Msimjaribu peke yenu. Mtaalamu wa mazoezi awepo.

4. Anakumbuka mafunzo? Kila siku atavaa, atavua na kukagua ngozi.

5. Goti na nyonga vinanyooka? Msiweke mto chini ya kigutu, hata kama anaona raha. Kiungo kikikakamaa kimekunjwa, mguu wa bandia hautamfaa.

6. Mguu wa pili ni mzima? Ukagueni kila jioni, hata katikati ya vidole. Kidonda kidogo kipelekwe hospitali.

Halafu muulizeni mwenyewe: "Babu, wataka kufika wapi?" Kwa mmoja ni chooni, kwa mwingine ni barazani au msikitini. Hesabuni ngazi za nyumba. Mzee anayejimudu chooni bila kubebwa amefaulu, hata asipofika Feri ya Likoni.

Mguu usipofaa, kiti cha magurudumu si aibu. Mhamishieni kitanda chini, maana kiti hakipandi ngazi.

Kabla ya kuchanga pesa, ombeni apimwe katika Hospitali Kuu ya Pwani, au APDK, chama cha watu wenye ulemavu wa viungo kilichoanzishwa mwaka 1958. Na kigutu kikibadilika umbo, mrudisheni kwa fundi. Mguu unaouma hurekebishwa, haufichwi.

Ya kujadili kikundini

- Mtaani kwetu, ni wazee gani wamekatwa mguu na hawajapimwa?
- Nani atamsindikiza mzee kliniki, na kwa nauli ya nani?