Utabiri si Kura

Seneti ya Marekani ina viti 100. Kila jimbo lina viti 2.

Kabla ya uchaguzi, wako watu wanaotabiri washindi. Huuliza watu wachache, "Utampigia nani kura?" Kisha hukisia kura za wote.

Mwaka 2020, katika jimbo la Maine, watu wengi walitabiri kuwa Susan Collins atashindwa. Kura zilipohesabiwa, Collins alishinda.

Ukionja mchuzi bila kuukoroga, hutajua chumvi yake. Watabiri nao hukosea wasipouliza watu wa kila aina.

Ndugu msomaji, ukisikia "Fulani amekwisha shinda," usikae nyumbani. Nenda ukapige kura.

Maswali
1. Nani alishinda Maine?
2. Kwa nini watabiri hukosea?