Waite majani yakiwa bado kiunoni

Wadogo zangu, leo tuongee kuhusu uani. Si ule wa mbele unaoufagia kila alfajiri, nasema ule wa nyuma. Mgeni akija unamkalisha barazani, na kabla hujamletea maji ya kunywa umeshahakikisha mlango wa jikoni umefungwa, asije akaona majani yaliyofika kiunoni, kamba ya kuanikia nguo iliyomezwa na mtambaazi, na mgomba ulioanguka tangu mwaka juzi ukaozea palepale.

Mmoja wenu ameniandikia. Amerudi kuishi kwenye nyumba ya wazazi wake, bustani yote imegeuka pori, na marafiki zake wawili wamejitolea kuja kumsaidia. Amewaambia wasubiri kwanza "apunguzepunguze", kwa sababu anaona haya. Mwezi wa tatu huu anapunguzapunguza peke yake jioni akitoka kazini, na akifika kona ya pili, kona ya kwanza imeshaota tena. Anauliza afanyeje.

Mdogo wangu, waite wiki hii. Waite hivyohivyo, majani yakiwa bado kiunoni.

Nasema hivi kwa sababu neno hilo la "kupunguza kwanza" nami nililisema. Mama yangu aliugua karibu miaka miwili, hapahapa Tanga. Miaka miwili hiyo mikono yangu yote ilikuwa kwake: kumgeuza, kumlisha uji, kumpeleka kliniki na kumrudisha. Bustani ilikuwa ya kwake, aliyoipanda kwa mkono wake, na hakuna aliyeigusa. Alipofariki, matanga yakaanuliwa, arobaini ikapita, nikafungua mlango wa nyuma kwa mara ya kwanza nikiwa na nafasi ya kutazama. Nikaufunga. Niliona kama nimemtupa mara ya pili. Nikajiambia hakuna mtu atakayeingia humu mpaka nitakapopasafisha, na nikaenda hivyo miezi minne bila kung'oa hata jani.

Aliyenitoa ni shoga yangu mmoja aliyekuja kurudisha sufuria za msibani. Alipiga hodi mbele sikumsikia, akazunguka nyuma. Nilimkuta amesimama katikati ya majani na sufuria kichwani. Nikaanza kujieleza, maneno yakinigongana mdomoni. Aliniacha nikamaliza, kisha akaniuliza jambo moja tu: Jumamosi una shughuli?

Rafiki anayejitolea hana haja ya kuona unavyojitahidi. Anataka kuambiwa siku, saa na kazi. Ukimwambia "karibu siku moja tusaidiane" umemwachia mzigo wa kukukumbusha, naye ana ya kwake. Andika ujumbe wenye mwili: Jumamosi, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, njoo na panga na viatu vya kufunika mguu, chai ipo, saa nne tunaacha kazi. Mtu akijua mwisho ni saa nne, anakuja. Akidhani ni siku nzima, atapata udhuru, na hutamlaumu.

Ukiweza, chagua msimu pia. Sisi wa pwani ya kaskazini masika huingia Machi hadi Mei, na vuli Oktoba hadi Desemba. Wiki mbili tatu kabla ya mvua ndizo nzuri, udongo bado ni mkavu na majani hayajapata nguvu mpya. Mimi na wenzangu tulisafisha Februari, jua la kaskazi linachoma, ndiyo maana nakusisitizia alfajiri.

Siku moja kabla, ingia mwenyewe. Hili nalisema kwa uchungu kidogo. Chukua kanga kuukuu, ichane vipande, ufunge kila kitu unachotaka kibaki: mche wa mlimao, shina la mrehani, mchaichai uliojificha, ua alilolipanda marehemu. Mimi sikufanya hivyo, na mtu aliyekuja kwa mapenzi tupu alifyeka asumini ya mama mpaka chini akidhani ni kichaka. Nilipoona nilienda chooni nikalia, nikanawa uso, nikarudi. Sikumwambia siku ile wala sitamwambia, kwani kosa halikuwa lake. Nashukuru asumini haifi upesi, na masika yalipokolea ilichipua. Lakini si kila mti utakusamehe hivyo, kwa hiyo funga vitambaa.

Noa vyombo mapema. Fyekeo butu linamchosha mtu mara mbili na linateleza kwenda mguuni. Kopa toroli kwa jirani, nunua tupa moja ya kunolea, tafuta glovu hata jozi mbili za kupokezana. Anayetangulia kwenye majani marefu avae gambuti, na hapa sibembelezi mtu. Anzeni kufyeka mkiwa mmeipa nyumba mgongo, mkielekea uzioni, ili nyoka kama yupo apate njia ya kukimbilia nje badala ya kusukumwa kuja jikoni. Msimzingire katikati. Rundo la mbao au matofali ya zamani lifumuliwe kwa fimbo ndefu, kamwe si kwa mkono. Ikitokea mtu ameumwa, msimchanje, msimnyonye jeraha, msimfunge kamba ya kubana. Mvueni pete na bangili, kiungo kitulie bila kutikiswa, na mumkimbize hospitali.

Kama uzio una upupu, usimwachie mtoto wala mgeni asiyeujua. Ukate asubuhi ukiwa na umande, kwa sababu vinyweleo vya ganda kavu hupeperushwa na upepo na kuwasha watu wote waliopo. Walioko Arusha na maeneo ya jirani mjihadhari na gugu karoti, lile lenye majani kama ya karoti na maua meupe madogo. Huwasha ngozi na kuwasumbua wenye pumu. Ling'oeni na glovu kabla halijachanua. Na tawi lililolalia nyaya za umeme msiliguse hata mkiwa na fundi wa kupanda minazi. Waiteni TANESCO.

Sasa, ndago. Nitakaa hapa kidogo maana wengi mmeachana na bustani kwa sababu yake. Unalima leo, panapendeza, baada ya siku kumi vijani vyake vyembamba vimesimama tena kama hujagusa kitu. Kinachokushinda kiko chini. Ndago ina viazi vidogo vilivyounganishwa kama shanga kwenye uzi, na kila ukipiga jembe la kawaida unaukata uzi, na kila shanga inaota mche wake. Kwa hiyo umeipanda mwenyewe. Tumia jembe uma, inua udongo polepole ukiwa na unyevu kidogo, fuata uzi kwa vidole, viazi uvitie ndooni. Ndoo hiyo usiimwage kwenye mboji. Vianike kwenye bati juani mpaka vikauke kabisa. Hutavimaliza kwa siku moja. Lakini ndago ina udhaifu mmoja, haipendi kivuli. Mahali ulipotoa, panda haraka kitu kinachotambaa na kufunika, matembele au kunde, na ardhi isipate nafasi ya kukaa uchi. Kwangu matembele ndiyo yaliyoishinda, ingawa ilichukua misimu miwili.

Shoga yangu mmoja alikuja na wazo la kupuliza dawa ya kuua magugu ili tumalize siku ileile. Nilikataa. Uani ule kuku wanadonoa, watoto wanacheza pekupeku, na nilitaka kula mboga yake ndani ya mwezi mmoja. Mwingine akataka tuchome. Nalo nikakataa, kwa sababu moshi wa majani mabichi unaingia kwa jirani aliyeanika nguo na mwenye mama anayekohoa, na baada ya hapo unabaki na jivu kiganjani wakati ungeweza kupata mboji ya msimu mzima. Tulirundika kivulini chini ya mwembe: tabaka la majani mabichi, tabaka la makavu, samadi kidogo, maji ya kulowesha bila kutota. Ukiligeuza rundo kila baada ya wiki mbili, miezi mitatu hivi unapata udongo mweusi unaonukia mvua. Majani yenye mbegu zilizokomaa, kama kishonanguo, yatenge.

Kitu ambacho sikukitarajia ni maji. Ndani ya pori lile tulikuta tairi, vifuu, ndoo zilizopasuka nusu, kopo la rangi, na vyote vilikuwa na maji yenye viluwiluwi vya mbu. Dar es Salaam iliona homa ya dengi mwaka 2014, ikarudi 2019, na 2019 hiyohiyo Tanga nasi tuliguswa. Mbu wake huuma mchana na huzalia hasa kwenye maji kidogo kama hayo. Mama yangu alikuwa amelala dirisha la nyuma miaka miwili. Sitaki hata kuliwaza zaidi.

Kuhusu watu wenyewe. Tulikuwa saba, na si wote waliokuja na nguvu za kufyeka. Mmoja alikuwa mjamzito wa miezi saba, nikamweka kivulini achambue mbegu za mchicha na kuwasimamia watoto waliookota vifuu kwa kushindana. Mwingine mgongo wake hauinami, akashika jikoni. Usimrudishe mtu kwa kuwa hawezi jembe. Aliyetaka kuja ametaka kuwa nawe, mtafutie kazi ya kukaa.

Atakuwepo pia yule anayefika na kuanza kuamuru: hapa ng'oa, pale jenga banda. Mshukuru, kisha sema mapema na kwa upole nini kinabaki na nini kinaondoka. Ni kwako. Na atakuwepo aliyeahidi asitokee. Mwache. Wangu mmoja hakutokea, nikaja kujua baadaye kwamba siku hiyo alikuwa na lake zito kuliko langu.

Chakula usikifanye cha harusi ukaishia jikoni wakati wenzio wako juani. Chai ya tangawizi na mihogo ya kuchemsha saa moja na nusu, maji mengi, na saa nne sufuria ya maharage na wali wa nazi uliopikwa na yule wa mgongo. Pesa usitoe, utawavunja moyo. Lakini asiondoke mtu mikono mitupu. Mmoja alichukua marando ya matembele, mwingine malimau, mwingine chipukizi la mgomba.

Migomba yenyewe ilikuwa imesongamana mashina kumi na zaidi kwenye tundu moja, ndiyo maana ilikuwa haizai. Bakiza mama, mtoto na mjukuu: mmoja mkubwa unaokaribia kuzaa, mmoja wa kati na mmoja mdogo. Mingine ing'oe. Mlimao nao uondolee matawi makavu, na kama ulibebeshwa, ukate maotea yote yanayotoka chini ya pale ulipoungwa, maana hayo hunyonya mti na hayakupi limau lako.

Siku ile, karibu na uzio, saa tatu hivi, fyekeo la shoga yangu mmoja liligonga chuma. Ilikuwa mbuzi ya nazi ya mama, meno yake yamekula kutu, mti wake umeliwa na mchwa. Tuliinua, tukaiweka juu ya ukuta, kazi ikasimama. Hakuna aliyeniambia nijikaze. Mmoja aliuliza mama alikuwa anapika nini siku za Ijumaa, nikasimulia, na nikiwa nasimulia nikaona nyuma ya ile mbuzi mkilua wake uko hai. Pori lilikuwa limeufunika, na kwa kuwa mti ule unapenda kivuli, ulikuwa mzima kuliko vyote. Ulikuwa na ua moja linaninginia. Tulilichuma, likazunguka pua saba. Peke yangu, siku ile, nisingefika kwenye uzio. Ningeishia kwenye asumini na kurudi ndani kufunga mlango.

Baada ya siku hiyo usipande uwanja mzima. Chukua hatua nne kwa tatu karibu na mlango wa jikoni, mahali unapomwaga maji ya kuoshea mchele. Mchicha utauchuma wiki ya tatu au ya nne, na kuchuma huko ndiko kutakakokutoa nje kila jioni. Sehemu nyingine tandaza majani makavu mazito kama matandazo, upate kuziongeza polepole. Dakika kumi za jioni, mkono mmoja wa magugu, inatosha. Wiki usiyoweza, omba mtu.

Na ukishaombwa, nenda. Wapare wana msaragambo wao, na kwetu sote mikono ya ujima ilikuwa deni linalolipwa kwa mikono. Niliandika majina sita nyuma ya kalenda, na mpaka sasa nimelipa manne: nimechota maji ya kufyatulia tofali, nimepaka chokaa chumba cha mtoto, nimelinda duka siku mbili, nimepalilia mihogo. Yule wa sufuria yeye alikuwa akiniambia kwake hakuna kazi. Juzi amenipigia, sauti imemnyongea, anasema tangu mumewe asafiri nyuma ya nyumba hapatazamiki, na kwamba angependa kwanza apunguzepunguze.

Nimemwambia Jumamosi, saa kumi na mbili na nusu. Fyekeo nimeshalinoa, na vipande vya kanga nimeviweka mfukoni.