Tuandike Wosia Tukiwa Wazima

Somo la mwezi huu ni moja ambalo wengi wetu hulikwepa. Ukimtajia mtu wosia hudhani unamwombea mauti. Lakini Kitabu cha Sala cha 1662, katika utaratibu wa kumzuru mgonjwa, kinaagiza kwamba kama hajapanga mambo ya mali yake ahimizwe kufanya wosia, na kutaja madeni anayodai na anayodaiwa. Kisha kinaongeza kwamba watu wakumbushwe mara nyingi kufanya hivyo wangali na afya. Kitanda cha mgonjwa si mahali pa kuhesabia minazi.

Kwetu huku, tangu Mikindani hata Msimbati na kandokando ya Ruvuma, jambo hili lina uzito wa pekee. Wengi wetu, Wamakonde, Wamakua na Wayao, asili yetu ni ukoo wa mama. Kwa desturi ya wazee, mali ya mwanamume ilikwenda kwa ndugu zake wa tumbo moja na wapwa zake, siyo kwa watoto aliowazaa. Haukuwa ukatili, kwa kuwa watoto nao walikuwa na wajomba zao wa kuwatunza. Siku hizi watoto tunawalea wenyewe, sare na madaftari tunanunua wenyewe, lakini siku ya matanga mpwa bado anakumbuka haki yake. (Tuseme kweli, wako kati yetu waliorithi kwa njia hiyo hiyo, tusimlaumu mpwa peke yake.)

Tuchukue mfano. Mtu na mkewe wamepanda mikorosho na kuipalilia miaka ishirini. Mume anafariki wakati korosho zinaanza kudondoka. Shamba linajulikana kwa jina lake, na malipo ya chama cha msingi huingia katika akaunti ya benki yenye jina lake. Mjane hapewi fedha hizo mpaka mahakama iteue msimamizi wa mirathi. Kikao cha ukoo kinakaa, kinamchagua kaka wa marehemu, na muhtasari unapelekwa Mahakama ya Mwanzo pamoja na cheti cha kifo. Kaka akiwa mwaminifu, vema. Ila wengi hudhani msimamizi ndiye mrithi. Sivyo hata kidogo. Kazi yake ni kukusanya mali, kulipa madeni, kuwagawia wenye haki, na kurudisha hesabu mahakamani. Mjane anaweza kwenda kumpinga kabla hajateuliwa, na hata baadaye.

Basi, wosia uandikwe kwa wino, siyo penseli, uwe na tarehe, na mwenyewe atie sahihi au dole gumba mbele ya mashahidi. Kanuni za mila zilizotangazwa mwaka 1963 zinataka mashahidi wawili, mmoja wa ukoo na mmoja mtu baki. Kwa asiyejua kusoma na kuandika, wanne. Zilitungwa kwa makabila ya ukoo wa baba, lakini kipimo hicho chatufaa nasi, maana mtu baki hana shamba la kugombea. Mrithi asiwe shahidi.

Mtaje msimamizi unayemwamini. Taja pia kwamba wewe ni Mkristo na waishi Kikristo, kwa kuwa mahakama hutazama mwenendo wa maisha ya marehemu kabla ya kuamua sheria ya kutumia, na katika jamaa nyingi za kwetu mmoja ni Mkristo na nduguye ni Mwislamu. Kwa Waislamu wosia hauzidi theluthi, na mafungu ya warithi yamekwisha wekwa.

Tena, huwezi kuusia kisicho chako. Shamba la ukoo ulilopewa kulima tu si lako, wala jasho la mkeo si lako. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inabatilisha desturi inayomnyima mwanamke haki ya ardhi. Afadhali hati ya hakimiliki ya kimila iandikwe majina yote mawili, la mume na la mke, tangu mwanzo.

Wosia waweza kubadilishwa wakati wowote, akizaliwa mtoto au likipatikana shamba jingine. RITA hupokea wosia na kuuhifadhi. Ukiuweka chini ya godoro, fahamu kwamba godoro hutolewa nje siku ile ile ya msiba.